Manifoldi ya hewa kwa 1JZ na 2JZ yenye turbo: mambo ya kupima kabla ya kununua

Anayetaka kubadilisha manifoldi ya hewa, yaani tumbo na mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, huanza kwa kuuliza ipi ni nzuri. Afadhali angeanza kwa kuuliza kama ile ya kiwandani imeshaanza kuikaba injini. Kwenye 2JZ-GTE, yaani silinda sita za mstari zenye ujazo wa cc 2,997, manifoldi aliyoitoa Toyota imebeba zaidi ya nguvu za farasi 700 kwenye magari mengi, na wenye magari hayo walikwama kwanza kwenye pampu ya petroli, turbo au klachi. 1JZ-GTE yenye ujazo wa 2,491 inavuta hewa pungufu kuliko hiyo, kwa hiyo nayo haikimbilii kulalamika. Mwenye Mark II au Chaser ya farasi 350 anayenunua manifoldi mpya ili apate nguvu atapata chuma kinachong'aa na busti (presha ya turbo) inayochelewa kidogo. Basi.

Kupima si kazi kubwa. Weka nipeli ndogo kwenye bomba la intakula (kipoza hewa ya turbo) sentimita tano kabla ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali, chukua nipeli nyingine kwenye tumbo la manifoldi (chemba yake kubwa), kila moja na sensa yake ya presha, kisha rekodi gari likiwa gia ya tatu, mguu chini kabisa, kuanzia mizunguko 3,000 hadi 7,000. Tofauti ikiwa chini ya bar 0.05, throto na mdomo wa manifoldi havina kosa. Ikipita bar 0.1 hapo kuna kitu, na mara nyingi ni kona kali ya bomba mbele ya throto. Tumbo lenyewe huwa halina hatia.

Kipimo hicho hakioni kinachotokea ndani ya mikono, yaani yale mabomba sita yanayotoka tumboni kwenda kwenye silinda hedi. Mikono inaonekana kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Kama presha tumboni inakaa bar 1.2 bila kutetereka lakini toki (nguvu ya kuzungusha) inaporomoka kuanzia 5,800, ujue pumzi imekatika mahali fulani: mikono, kamshafti, au upande wa eksozi. Pima eksozi kwanza. Presha ya moshi kabla ya turbo ikiwa mara mbili ya busti au zaidi, kosa ni la turbaini ndogo, na hakuna manifoldi ya hewa itakayoliponya.

Sababu nyingine halali ya kubadilisha haihusiani na nguvu kabisa. 1JZ-GTE za mwanzo, zile za turbo mbili, hewa yake inatoka intakula na kupita juu ya kifuniko cha kamshafti ndipo ifike kwenye throto. Ukishafunga turbo moja kubwa na intakula ya mbele, bomba hilo linakuwa refu, linapita kwenye joto na linakuzuia kufungua plagi kirahisi. Manifoldi inayotazama mbele inafupisha njia na kuondoa kona mbili au tatu. Hiyo ni faida ya kweli, hata kama daino haitaonyesha farasi hata mmoja wa ziada.

Throto ya 90 inakupa nini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tufanye hesabu. Injini ya lita 3 ikizunguka 7,000 kwa dakika inameza takriban lita 175 za hewa kila sekunde, zikipimwa katika presha iliyomo tumboni. Busti haiongezi lita, inaongeza uzito wa kila lita. Kwenye throto ya milimita 65 hewa hiyo inapita kwa kasi ya mita 53 kwa sekunde. Kwenye ya 75 inapita kwa 40. Kwenye ya 90 ni 27. Kwa busti ya bar 1.2, presha inayobebwa na mwendo huo, ambayo ndiyo kiasi unachoweza kupoteza, ni kama bar 0.03 kwa throto ya 65, bar 0.02 kwa ya 75 na bar 0.01 kwa ya 90.

Kutoka 75 hadi 90, basi, unaokoa bar 0.01. Ukitaka kiasi hicho, gusa skrubu ya busti. Ukienda 100 unaokoa kitu ambacho hata geji haisomi. Wakati huohuo throto kubwa ya kebo inakuwa na hasira: ukigusa pedali kidogo tu, mlango umeshaachia hewa nyingi. Kwenye foleni ya Morogoro Road au Thika Road gari linaruka na kugoma. Throto ya umeme ni rahisi kuituliza kwa sababu kompyuta ya injini inaweza kuambiwa kwamba asilimia 20 za pedali ni asilimia 8 za mlango. Throto ya kebo inahitaji puli ya umbo la yai, si ya duara.

Kwa JZ ya farasi 400 hadi 700, throto ya milimita 74 hadi 82 inatosha na kubaki. Bosch ya umeme ya 82 inapatikana na kompyuta nyingi za kujitegemea (zinazochukua nafasi ya ile ya kiwandani) zinaiendesha. Ya 90 kutoka Infiniti Q45 ni maarufu na haina ubaya, ila hakikisha manifoldi imetobolewa kwa bolti zake. Milimita 90 ni kipenyo, haisemi lolote kuhusu matundu ya bolti. Chunguza pia sensa ya nafasi ya throto inazunguka upande gani. Ukiifunga kinyume, kompyuta inasoma volti kubwa throto ikiwa imefungwa, na injini haitakaa sailensa (kuzunguka polepole bila kugusa pedali) hata siku moja.

Urefu wa mikono

Hapa ndipo tabia ya injini inapobadilika. Kuna imani iliyoenea kwamba kwenye turbo urefu wa mikono hauna maana kwa kuwa hewa inasukumwa. Si kweli. Valvu inapofunguka na pistoni kushuka, wimbi la mnyonyo linakimbia kwenye mkono hadi tumboni, linageuka kuwa wimbi la msukumo na kurudi. Likifika kwenye valvu muda mfupi kabla haijafunga, linashindilia hewa ya ziada. Kasi ya wimbi hilo inategemea joto la hewa, haitegemei presha: kwa nyuzi 40 ni kama mita 355 kwa sekunde, iwe una busti au huna. Tena kwa kuwa hewa ya busti ni nzito, kila asilimia ya ujazo unayoipata kwa wimbi inabeba hewa nyingi zaidi.

Chukua umbali wa sentimita 35 kutoka kwenye valvu hadi mdomo wa mkono tumboni, ukihesabu na njia iliyomo ndani ya hedi. Kwenda na kurudi ni sentimita 70, wimbi linatumia karibu milisekunde 2. Kwa mizunguko 7,000 kranki inageuka nyuzi 42 kila milisekunde, kwa hiyo wimbi linarudi baada ya nyuzi kama 83. Tuseme huo ndio wakati unaoifaa kamshafti yako. Sasa kata mikono kwa sentimita 10. Ili wimbi lirudi baada ya nyuzi zilezile 83, injini lazima izunguke 9,800. Springi za valvu za kiwandani hazikupeleki huko, na hata ukizibadilisha, ni dakika ngapi kwa wiki utakuwa 9,800?

Ndiyo maana manifoldi zenye mikono mifupi na tumbo kubwa zinazopendeza kwenye picha zinafanya gari la barabarani lilegee kati ya 3,000 na 5,000. Turbo nayo inaanza kuchelewa, kwa sababu inalishwa moshi, na moshi unatokana na hewa ambayo haijaingia. Wenye gari hulaumu turbo. Hulaumu hata fundi wa kompyuta.

Kwa walio Nairobi, Arusha au Kampala jambo hili linauma zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama bar 0.83, wakati Mombasa na Dar es Salaam ni karibu bar 1.01. Kabla busti haijaingia, injini ya Nairobi inafanya kazi na hewa pungufu kwa karibu asilimia 18. Ukiongeza mikono mifupi juu ya upungufu huo, gari linapanda mlima kama limebeba saruji. Manifoldi ambayo mtu wa pwani anaivumilia, mtu wa nyanda za juu ataichukia.

Kanuni tunayotumia ni hii. Gari la barabarani na milima, lenye turbo inayojaa kabla ya 4,000: kaa karibu na urefu wa kiwandani, usipunguze zaidi ya sentimita 3 hadi 5. Gari la mashindano ya robo maili lenye turbo kubwa na kamshafti za digrii 272 (muda ambao valvu inabaki wazi) kwenda juu, linaloishi kati ya 6,000 na 8,500: hapo mikono mifupi ina kazi. Gari la drifti liko katikati, na wengi hukosea kwa kulichagulia manifoldi ya robo maili. Drifti inahitaji jibu la haraka mguu unapogusa pedali, na jibu hilo linakaa 4,000 hadi 6,500.

Muuzaji akikutajia urefu, muulize anapima kutoka wapi. Wengine wanapima bomba tu, wengine bomba na flenji, wengine wanaingiza na mdomo uliomo tumboni. Mwambie aweke utepe wa kupimia na kukutumia picha.

Tumbo, na silinda ya sita

Kuhusu ukubwa wa tumbo, kati ya mara 1 na mara 1.5 ya ujazo wa injini ni mahali salama: lita 2.5 hadi 3.7 kwa 1JZ, lita 3 hadi 4.5 kwa 2JZ. Kelele zinazopigwa kwamba tumbo kubwa linaleta uchelewaji wa turbo zimezidi kipimo. Injini ya lita 3 kwenye mizunguko 4,000 inameza lita 100 kwa sekunde. Lita 2 za ziada ni moja ya hamsini ya sekunde. Mabomba marefu ya intakula yanakula ujazo mkubwa kuliko huo. Kinachochelewesha ni ile mikono mifupi inayouzwa pamoja na tumbo kubwa, na lawama inaangukia tumbo.

Kinachotakiwa kuangaliwa kwa makini ni mgawanyo. Hewa inaingia kwa mbele ikiwa na mwendo, inapita kwa kasi mbele ya mdomo wa silinda ya kwanza na ya pili, inakwenda kugonga ukuta wa nyuma na kujikusanya huko. Silinda ya mwisho inapata hewa zaidi. Injekta zote sita zinatoa petroli sawasawa, kwa hiyo silinda za nyuma zinaungua na mchanganyiko mwembamba. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi inasoma wastani wa sita na kukuambia kila kitu kiko salama. Pistoni ya nyuma inayeyuka ukiwa umetulia kabisa.

Manifoldi iliyofikiriwa ina tumbo linalopungua kadiri linavyoelekea nyuma, ina nafasi kati ya throto na mkono wa kwanza isiyopungua kipenyo kimoja cha throto, na ina midomo ya tarumbeta iliyoinuka ndani ya tumbo. Midomo hiyo si urembo. Bomba lenye ukingo mkali linapitisha kama asilimia 60 tu ya hewa ambayo tundu lake lingeweza, kwa sababu hewa inabanwa inapokata kona. Ukingo ulioviringwa unafika asilimia 97 na zaidi. Kwa mkono wa milimita 42, mviringo wa milimita 10 unatosha. Ingiza kidole kupitia tundu la throto na upapase. Ukikuta bomba limechomelewa bapa kwenye sakafu ya tumbo, na ukingo unaokwaruza ngozi, mrudishie mwenyewe. Angalia pia ukuta unaotazamana na midomo: uwe mbali angalau kipenyo kimoja cha mkono.

Kuna muundo mwingine unaotumia mpangilio wa JZ wenyewe. Moto unakwenda 1-5-3-6-2-4, yaani silinda za mbele na za nyuma zinapokezana bila kukosea. Ukiligawa tumbo mara mbili, tatu mbele na tatu nyuma, kila nusu inavutwa kwa nafasi sawa, kila baada ya nyuzi 240 za kranki. Mgawanyo unakuwa mzuri sana. Ubaya wake ni bei, uzito na nafasi kwenye boneti.

Ukitaka kujua manifoldi uliyonayo inagawa vipi, funga vipima joto sita kwenye eksozi, kila kimoja sentimita 4 hadi 5 kutoka kwenye flenji, umbali uwe sawa kwa vyote. Tofauti ya nyuzi 20 au 30 kati ya silinda ni kawaida. Ikifika 50 na zaidi ukiwa na mzigo, anza kurekebisha petroli silinda moja moja kwenye kompyuta, asilimia 2 kwa kila hatua. Usipokuwa na vipima joto, soma plagi: piga mbio moja gia ya nne, zima injini hapohapo, fungua zote sita, zipange kwa namba.

Hedi yako ni ipi

Kosa hili bado linatokea kila mwezi, kwa hiyo tuliseme wazi. Manifoldi ya 1JZ-GTE isiyo na VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha taimingi ya valvu) haikai kwenye 1JZ-GTE ya VVT-i. Ya 2JZ-GTE haikai kwenye 2JZ-GE, ile isiyo na turbo. Na 2JZ-GTE yenyewe ina VVT-i na isiyo na VVT-i. Tangazo likiandika "inafaa JZ zote", funga ukurasa. Dawa ni gasketi: nunua gasketi mpya ya manifoldi ya hewa inayokaa kwenye hedi yako kwa namba ya injini, mtumie muuzaji picha, aiweke juu ya flenji na kukupigia picha. Matundu ya bolti na ya hewa yatajieleza.

Hewa ikitoka kwenye manifoldi kuingia kwenye hedi isikutane na ukingo. Tundu la manifoldi likiwa dogo kuliko la hedi kwa nusu milimita kila upande, hakuna shida, hata linasaidia kuzuia hewa kurudi nyuma. Likiwa kubwa kuliko la hedi, umejenga ngazi inayotazama hewa usoni. Mara nyingi watu hupanua manifoldi "ipumue" na kuishia hapo.

Kuna manifoldi halisi za Greddy, kampuni ya Japani, na kuna nakala zake ambazo duniani kote zimebatizwa jina la Freddy. Nakala si lazima ziwe takataka. Umbo lake limeigwa kutoka kwenye kitu kizuri, na kwa farasi 400 zinaweza kufanya kazi miaka. Ila zinakuja na kazi ya kumalizia: flenji iliyopinda, nyuzi za bolti laini zinazohitaji kuwekewa koili ya chuma, mchanga wa kalibu ndani ya mikono. Hesabu siku mbili za fundi juu ya bei, halafu ulinganishe na manifoldi ya Plazmaman au Hypertune kutoka Australia. Wakati mwingine nafuu inabaki. Wakati mwingine haibaki.

Kwa manifoldi zilizojengwa kwa bamba, angalia umbo. Ukuta bapa wa sentimita 40 kwa 12 una eneo la sentimita za mraba 480. Kwa busti ya bar 1.5 unasukumwa na nguvu inayozidi kilo 700, inakuja na kuondoka kila unapokanyaga na kuachia. Ukuta unapumua, na ufa unaanza kwenye mshono wa kuchomelea. Tumbo la mviringo halina tatizo hilo. Kama lazima liwe bapa, bamba liwe la milimita 4 na liwe na mbavu ndani. Flenji isipungue milimita 12, maana nyembamba hupinda wakati wa kuchomelea. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na ujaribu kupitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia pengo) ya milimita 0.1. Ikipita, peleka ikakwanguliwe kwenye mashine kabla haijagusa injini.

Vile vitundu vidogo

Manifoldi ya mashindano inakuja na nipeli moja au mbili. Gari la barabarani linahitaji zaidi, na kila moja ina sababu. Busta ya breki inataka bomba nene lenye valvu ya njia moja. Ukiisahau valvu, busti inaingia kwenye busta na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Regyuleta ya petroli inataka nipeli yake peke yake, isichangie na blo-ofu (valvu inayoachia busti throto inapofungwa), kwa sababu blo-ofu inapofunguka ishara inayumba na presha ya petroli inayumba nayo. Sensa ya MAP, inayosoma presha ya manifoldi, ichukue tumboni. Ikichukua kwenye mkono mmoja, itakuwa inasoma mapigo ya silinda moja. PCV, valvu inayotoa pumzi ya ndani ya injini, nayo irudi mahali pake baada ya throto. Wanaoiziba huona oili ikivuja kwenye sili ya kranki baada ya miezi michache na kudhani sili ilikuwa mbovu.

Sailensa inadhibitiwa na valvu ya hewa ya steppa kwenye JZ nyingi zisizo na throto ya umeme. Uliza kama manifoldi ina kiti chake. Kama haina, utafunga valvu ya Bosch ya waya mbili, na kompyuta yako iwe na njia ya kuiendesha. Sensa ya joto la hewa isizamishwe kwenye ukuta wa alumini unaopata moto. Gari likisimama juani dakika kumi sensa inasoma joto la chuma, kompyuta inarudisha nyuma taimingi ya moto, na gari linakuwa zito bila sababu. Iweke kwenye bomba baridi kabla ya throto, aina ile yenye kichwa kilicho wazi.

Injekta zina urefu tofauti, milimita 34, 48 au 60 kutoka oringi hadi oringi, na kichwa cha 11 au 14. Reli ya petroli iliyokuja na manifoldi imekatwa kwa urefu mmoja tu. Usijaze pengo kwa washa.

Halafu mikono yako mwenyewe: filta ya oili na stata viko upande huohuo, chini ya manifoldi. Tumbo likishuka sana, kubadilisha filta kunakuwa kazi ya nusu siku. Wenye usukani wa kulia tuna bahati kidogo, kwa sababu silinda kuu ya breki iko upande wa turbo, si upande wa tumbo. Manifoldi iliyopigwa picha kwenye gari la Marekani ikiwa imebanana na busta ya breki, kwetu itakaa bila ugomvi.

Kufunga

Kabla ya yote osha manifoldi kwa maji ya moto na sabuni, piga brashi kila mkono, suuza, puliza, rudia. Tembe za kuchomelea na chembe za alumini hazishikwi na sumaku, na zote zinaishia kwenye silinda. Ziba matundu ya hedi kwa vitambaa vikubwa vya rangi kali, uvihesabu. Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa plastiki au mbao. Diski za kusugua za grainda zinaacha vumbi gumu linaloingia kwenye oili na kula beringi.

Jaribu kwanza bila gasketi. Weka tonge za plastisini juu ya tumbo na kwenye throto, funga boneti taratibu, fungua, pima. Bakiza milimita 15, maana injini inajipinda ikivuta. Kumbuka bloku ya 2JZ inakwenda juu kuliko ya 1JZ, kwa hiyo kipimo cha jirani mwenye 1JZ hakikuhusu. Kisha funga na gasketi, ukianzia bolti za katikati kwenda nje, raundi mbili. Bolti za M8 kwenye alumini zinataka kati ya Nm 20 na 25, na kitabu cha injini yako kikisema vingine kifuate. Mguu wa kushikilia manifoldi kwenye bloku urudi. Tumbo lililoning'inia bila mguu linatikisika hadi flenji ipasuke.

Pima uvujaji kwa hewa ya bar 1 kupitia bomba la throto, si kupitia mdomo wa turbo, labda uwe umeziba kwanza bomba la pumzi la injini. Ukisahau, hewa inaingia kwenye kranki na kusukuma sili nje. Paka maji ya sabuni kwenye kila mshono. Sauti ya hewa kwenye eksozi ni valvu zilizobaki wazi, zungusha kranki kidogo itahama. Mapovu kwenye flenji hayana udhuru.

Kompyuta ndiyo ya mwisho, na hairukwi. JZ nyingi zilizotoka Japani zinakadiria hewa kwa presha ya MAP na joto, hazina kipima hewa. Ramani yake inajua manifoldi ya zamani ilivyokuwa ikijaza silinda kwa kila mizunguko. Umebadilisha manifoldi, jedwali limekuwa la uongo: 3,500 mchanganyiko mzito, 6,500 mwembamba, na sensa ya MAP haioni kosa lolote. Anza na busti ya springi ya westigeti (valvu inayozuia busti isizidi) peke yake, sahihisha jedwali zima, ndipo upandishe bar 0.2 kwa kila hatua. Baada ya kilomita 500 rudi na spana ya toki kwenye bolti zote zikiwa baridi. Mbili au tatu za upande wa nyuma huwa zimelegea robo zamu.